Dakika Nne za Joram Kaveke

Kanda ilifika mwisho, kitufe kikaruka, lakini mguu haukuacha kupiga sakafu.

Mwololo alikuwa mezani, hedfoni shingoni, kalamu mkononi, tayari kuandika jina la mteja juu ya kasha. Alidhani jirani anatwanga kitu. Ilikuwa saa kumi alasiri, mwaka wa 2000, ule wa kiangazi kilichowaleta ng'ombe hadi katikati ya mji wa Kitengela kutafuta chochote cha kutafuna. Duka lake la kurekodi kanda lilikuwa mbele, nyumba nyuma, na katikati palikuwa na pazia tu. Akalisogeza. Mama yake, Ndulu, alikuwa ameketi kitandani na Biblia mapajani, macho ukutani, na kisigino chake cha kulia kilikuwa kikigonga saruji: ta, ta-ta, ta. Ulikuwa mdundo uleule wa kwenye kanda, na ulikuwa umeendelea palepale kanda ilipoachia.

"Mwaitu," Mwololo akamwita, kama Mkamba anavyomwita mama yake. "Uko sawa?"

"Niko sawa. Kwani nini?"

Hakuutazama mguu wake, nao mguu ukaendelea na kazi yake. Mwana mwenye akili angeuliza zaidi. Mwololo hakuuliza, kwa sababu alikuwa na la kuficha.

Joram Kaveke alikuwa mtunzi wa muziki wa sinema, lakini si zile sinema za mapenzi na ngumi. Zake zilikuwa za gari la sinema lililozunguka vijijini miaka ya sabini likifundisha watu kuogesha mifugo na kuchimba vyoo. Mtunzi mwingine angeweka gitaa akaenda zake nyumbani. Kaveke aliweka pampu ya maji yenye kutu. Aliweka seng'enge iliyogongwa kwa msumari, na kengele ya ng'ombe aliyoirekodi kisha akaichezesha polepole hadi ikasikika kama mtu mzima anayejizuia kulia. Mwololo aliusikia muziki huo uwanjani pa shule akiwa na miaka minane. Watoto wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akalala siku tatu akiiota ile pampu.

Sinema zenyewe zilipotea na gari likaozea mahali. Lakini Kaveke alipostaafu na kuhamia Kajiado, alikusanya muziki wake katika kanda mbili. Mwololo aliupata Mkusanyiko wa Kwanza mwaka wa 1994 na kuusikiliza mpaka utepe ukalegea. Katika wa Pili alijifunza kimya, maana humo mzee aliacha hata nusu dakika nzima bila chochote ila upepo, na asiye na subira aliipiga redio kofi akidhani imeharibika. Mwololo hakuwa mtu wa kuridhika na mbili. Akamtafuta mzee hadi Kajiado, akamkuta macho yamefifia, wakawa marafiki.

"Ya tatu utatengeneza wewe," Kaveke akamwambia siku moja, akimkabidhi magurudumu ya utepe ndani ya sanduku la biskuti. "Masikio yangu imechoka. Lakini sikiza. Hii ya mwisho ni ya sinema ya ukame. Nilirekodi na akina mama wa kilumi."

Mwololo aliijua kilumi kwa kusikia tu: ngoma ya Wakamba ya kuwaita majini, kuwachezesha na kuwatuliza.

"Hao akina mama waliniambia kitu moja," mzee akasema. "Ukifungua, ufunge. Ule mwisho ndio mlango ya kutokea. Kwingine kata vile unataka. Hapo usikate."

"Siwezi kata, mzee."

Alikata. Upande mmoja wa kanda ulichukua dakika thelathini, na ngoma ile ilikuwa ya thelathini na nne. Kanda ndefu zilikuwepo madukani, lakini yeye alishanunua katoni ya fupi na makasha yameshachapwa, na haraka ilikuwa imempanda kichwani. Dakika nne ni nini? Akasikiliza ule mwisho mara tatu akitafuta pa kupitisha wembe, akapitisha. Tena, kwa kuwa alilelewa kutotupa kitu kinachofaa, ule utepe uliobaki akaufunga kwenye vijiti juu ya bustani ya sukuma wiki nyuma ya nyumba, ufukuze ndege. Upepo wa alasiri ulipovuma, utepe nao ulivuma. Kaveke alifariki mwezi uliofuata. Mwololo hakwenda kumzika. Alisema ana malaria.

Siku ya tatu baada ya mguu kuanza, Tajeu alikuja na maziwa. Tajeu alikuwa jirani, Mmaasai mcheshi asiyepita mlango bila salamu.

"Takwenya, yeyo," akamsalimu Ndulu kama mama yake, na akangoja lile jibu moja alilomfundisha mwenyewe.

Kilichotoka kinywani mwa Ndulu kilikuwa sauti ya mwanamume mzee, nzito, yenye kikohozi ndani yake, na ilikuwa ikisema Kimaasai. Ilisema kwa kirefu na kwa adabu. Chumba kikajaa harufu ya ugoro na ya ngozi mbichi iliyonyeshewa, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu mwaka uliotangulia. Tajeu akaweka mtungi chini taratibu, akamvuta Mwololo hadi nje.

"Mama yako alijifunza lugha yetu wapi?" akanong'ona.

"Hajui hata kuhesabu kwa Kimaasai."

"Hiyo si ya siku hizi. Hata babu yangu angeomba arudie. Anasema yeye ni mgeni. Anasema aliitwa, akacheza vizuri, na sasa anataka kwenda kwao, lakini mlango hakuna." Tajeu alimtazama. "Anauliza nani alitoa mlango."

Mwololo alisema hajui. 

Wazee wa kanisa wakaitwa. Ndulu alikuwa ameokoka tangu 1979, na waliimba kwa nguvu na kukemea kwa Kikamba, Kiswahili na Kiingereza. Jini likainamisha kichwa kwa heshima, likasema amina pamoja nao, na walipomaliza chai na kuaga, kisigino kikaanza tena. Sasa mama alikuwa akisimama. Kila saa kumi ilipofika aliinuka akacheza, mabega yakitikisika, macho yamepinduka, kuanzia upepo ulipoanza hadi jua lilipozama, na chakula hakukigusa. Magoti yalimvimba. Asubuhi alirudi kuwa Ndulu yuleyule, hakumbuki kitu.

"Mwanangu, mbona miguu yangu imechoka hivi?" aliuliza.

Mwololo alimkanda miguu kwa maji ya chumvi. Alitamani mama amtukane. Badala yake mama alimshukuru, akamwombea baraka, akasema si watoto wote wanaweza kumwosha mzazi miguu, na kila baraka ilimchoma kuliko maji yale ya moto yalivyomchoma vidole.

"Atakufa akicheza," mkewe Evalyne akasema usiku wa kumi na tatu. "Unaona vile amekonda? Hii wiki hawezi kuimaliza."

Kesho yake saa kumi Ndulu hakucheza chumbani. Alitoka nje, akapita katikati ya mistari ya sukuma wiki bila kuikanyaga, akasimama chini ya ule utepe uliokuwa ukimetameta juani, na upepo ulipoushika ukaanza kutoa mlio wake mwembamba, yeye akanyoosha mikono yote miwili juu akafungua kinywa, na ndani ya kinywa kile sauti ya mzee ikaanza kulia, si kwa hasira bali kwa upweke, kama anayeona moshi wa kwao ng'ambo ya mto uliojaa, na ng'ombe waliokuwa wakirandaranda barabarani wakageuza vichwa vyote pamoja wakatazama bustanini na hakuna hata mmoja aliyetafuna.

"Baba Munguti," Evalyne akamuuliza mumewe polepole. "Hiyo kitu ulifunga hapo ni nini?"

Akamwambia yote, kuanzia sanduku la biskuti hadi malaria ya uongo. Evalyne hakupiga kelele.

"Siku kumi na nne," akasema. "Siku kumi na nne unamwosha miguu, na unajua."

Waliushusha utepe, wakauunga vipande na kuupitisha kwenye mashine. Jua lilikuwa limekwisha kuula. Kilichosikika kwa dakika nne kilikuwa vumbi na upepo.

Kwenye kifuniko cha sanduku la biskuti Kaveke alikuwa ameandika kwa penseli: *Munyiva, mwitaji, alihamia Entarara.* Mwololo aliondoka alfajiri hadi huko upande wa Loitokitok, akampata akipukuchua mahindi, bibi mwembamba mwenye meno yake yote. Kesho yake alimfikisha Kitengela na ngoma ndogo iliyofungwa kwa leso. Munyiva alitaka kwanza kusikia ile kanda. Aliisikiliza amefumba macho.

"Huyu anaita ni mimi," akasema. "Na huyu anaitikia, humjui?"

"Simjui, mama."

 Munyiva akaelekeza kidevu upande wa kitanda. "Ni huyo hapo. Ndulu alikuwa mwitikiaji wetu kabla aokoke. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Lakini hilo halikumtetea. Mwololo aliijua pampu ya Kaveke hadi kutu yake, alijua ni msumari wa inchi ngapi uliogonga seng'enge, na sauti ya mama yake mzazi ilikuwa imepita masikioni mwake mara mia akaipima kwa dakika. Aliona aibu hata ya kusimama wima.

"Kufunga ni watu wawili," Munyiva akaendelea, akifungua leso. "Mwitaji na mwitikiaji. Wa kuitikia yuko na mgeni mdomoni. Wenzetu wengine walishazikwa. Ni nani mwingine aliwahi kusikia huo mwisho?"

Evalyne akamgeukia mumewe.

"Ni mimi," Mwololo akasema. "Nilisikiza mara tatu. Nilikuwa natafuta mahali pa kukata."

"Basi leo tafuta mahali pa kuunga."

Saa kumi ikafika, na Ndulu akainuka. Munyiva akapiga, akaita. Mwololo akaitikia kwa sauti iliyokwaruza, na kila mstari ulimjia akiwa tayari ameufungulia kinywa, kwa kuwa masikio yake, pamoja na dhambi yaliyokuwa nayo, hayakuwa yamesahau kitu. Mashine ilikuwa mkono mmoja tu kutoka alipokaa. Utepe mtupu ulikuwa umepakiwa. Kidole chake kilifika hadi kwenye kitufe chekundu cha kurekodi. Munyiva akamwona. Hakumkataza, alimtazama tu, naye akauondoa mkono kwa haya, akiona mtu aliyekwisha kuuza mlango mara moja hana uso wa kuushika tena.

Mdundo ukapanda, harufu ya ugoro ikawa nzito hata taa ya ukutani ikaonekana kama kupitia ukungu, na Ndulu akazunguka mara moja, mara mbili, ile sauti ya mzee ikicheka ndani yake kicheko cha mtu aliyeona njia, na pazia la dukani likatuna kuelekea nje pasipo upepo, mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, na kule bustanini majani ya sukuma wiki yakalala mstari kwa mstari kama yanayompisha mtu mpaka yakaisha, na hapo Munyiva akapiga pigo la mwisho akaiweka mikono juu ya ngozi ya ngoma.

Ndulu aliketi. "Nipe maji," akasema kwa Kikamba, kwa sauti yake mwenyewe. Alikunywa vikombe vitatu. Akamwona Munyiva, akaiona ngoma, na akaelewa bila kuambiwa.

"Mwololo," akasema. "Ziko ngapi?"

"Nini, mwaitu?"

"Hizo kanda."

Alikuwa ameshaziuza hadi Isinya, Kajiado, Rombo. Munyiva akafunga ngoma yake. "Si kila nyumba itamwona mgeni," akasema. "Lakini wageni si huyu mmoja, na kila kanda inaita. Zitafute."

Alizitafuta. Kwa miaka minne Mwololo alizunguka, akawaambia wateja kanda ilikuwa na kasoro, akawapa nyingine, akazichoma zile alizorudishiwa. Nyingi zilipatikana. Munyiva alifariki mwaka wa 2002 huko Entarara, na safari hii Mwololo alikwenda mazikoni, akabeba hata jeneza. Ndulu alimfuata mwaka uliofuata, usingizini, miguu yake imetulia.

Mnamo Agosti 2004, mwanamke aliyejifunga mtandio mweusi aliingia dukani alasiri. Alisema anaitwa Samsam, ana duka la nguo Isinya. Aliweka juu ya meza kanda moja. Mwololo aliyatambua maandishi ya kasha kabla ya kuyasoma.

"Hii kanda yako inakatika kabla iishe," akasema. "Nilinunua kwa ajili ya duka, nikachoka nayo, ikakaa kwa boksi. Mwezi jana hooyo akaiweka."

"Mama yako?"

"Ee." Sauti yake ikashuka. "Hooyo hajui Kimaasai. Hata maji hajui kuomba. Lakini kila siku saa kumi… Sheikh amesoma, kinatulia, tukitoka kinarudi. Magoti yake imevimba. Watu waliniambia wewe unajua kufunga. Ni ukweli?"

Mwololo aliitazama mashine. Kitufe chekundu kilikuwa palepale, kimefifia rangi kidogo. Nusu ya ule wimbo aliijua neno kwa neno, angeweza kuiimba hata akiamshwa usingizini. Ilikuwa nusu ya kuitikia.

"Nipeleke kwake," akasema, akatafuta viatu vyake.

"Kwa hivyo unaweza?"

Akafunga kamba za kiatu kimoja, akafungua, akafunga tena. Kule Isinya upepo ulikuwa unakaribia kuanza, na hakukuwa na mtu hai wa kuita ili yeye aitikie.