Hatua Juu ya Bati la Mama Antoni

Kila siku akitoka shuleni, Bernadeta alivua sare, akaitundika kwenye msumari, akala kiporo chake cha ugali kwa dagaa, kisha akachukua ndoo na kushuka bombani. Nyumba za kwao Igogo zimejengwa katikati ya mawe makubwa. Kushuka na ndoo tupu ni raha tupu, lakini kupanda nayo ikiwa imejaa, hapo ndipo unapokiona cha moto! Bernadeta alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na kazi haikumsumbua. Kilichomkera ni foleni. Wasichana wakubwa walimrudisha nyuma kila siku kana kwamba hana mdomo.

Alhamisi moja foleni nzima ilikuwa na habari moja tu, habari ya jirani yao Bibi Wilhelmina, ambaye watu wazima walimwita Mama Antoni. Mwanawe wa pekee, Antoni, alizama ziwani miezi mitano iliyopita akiwa kwenye uvuvi, na mwili haukupatikana. Zilizikwa nguo zake tu. Sasa kila jioni, jua likianza kushuka, juu ya bati la mama huyo zilisikika hatua: ta, ta, ta. Zilianzia upande wa jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba, zikaenda taratibu mpaka upande wa mlango.

"Jana nimezisikia kwa masikio yangu haya," alisema Winnie, rafiki yake Bernadeta. "Ni mzimu wa Antoni. Watu wanasema mama yake anaufuga."

"Kusikia tu? Hiyo si kitu," Bernadeta akajikuta anasema. Wote wakamgeukia. Utamu wa kusikilizwa ulimzidi nguvu. "Mimi nimemwona. Amevaa shati la bluu, linachuruzika maji."

Eti amemwona! Hakuwa ameona hata paka juu ya bati lile. Lakini siku hiyo wasichana wakubwa walimpisha, akachota maji wa kwanza, na maswali yakamfuata mpaka juu mlimani.

Uongo ule ulifika mtaani kabla ya ndoo yake. Jumapili wateja wa maandazi ya Mama Antoni walikuwa wamekata mguu. Jumatatu asubuhi mlango wake ulikutwa umepigwa mawe. Na popote watu walipobishana kama hatua zile ni za mzimu au la, kulikuwa na mtu wa kumaliza ubishi: "Mtoto wa Rose kamwona kwa macho yake. Mtoto atadanganya ili apate nini?"

Jioni hiyo Mzee Mayala, mwenyekiti wa mtaa, akatangaza kikao cha Jumamosi saa nane mchana. Wengi walitaka Mama Antoni afungashe virago arudi kwa kaka zake Misungwi. Vijana wengine walinong'ona kwamba kikao ni kupoteza muda, kiberiti kimoja kinatosha. Bernadeta aliyasikia hayo akiwa anaosha vyombo uani, na sufuria ikamponyoka mkononi.

Kesho yake alimfuata Mwalimu Owiti, mwalimu wa sayansi, mtu wa Mara asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mwalimu. Mzimu unaweza kutembea juu ya bati?"

"Marahaba. Sijui," alijibu mwalimu. Bernadeta alishangaa, hakuwahi kumsikia mwalimu akisema hajui. "Wewe unaishi jirani. Niambie, hizo hatua husikika saa ngapi? Siku ya mawingu je? Huanzia wapi?"

Mtaa mzima ulikuwa umesikia hatua zile, na hakuna aliyekuwa amezichunguza.

"Basi kaa uani kwenu, utazame, uandike. Andika ulichokiona tu, si ulichokisikia bombani."

Bernadeta akatazama, akaandika. Jumanne, hatua. Jumatano mawingu yalitanda tangu asubuhi, na jioni paa lilinyamaza kimya. Alhamisi jua likawaka tena, na hapo ndipo alipoona jambo lililomfanya asimame wima. Jua liliposhuka nyuma ya jiwe kubwa, kivuli cha jiwe kiligusa bati la kwanza. Ta! Kikaingia bati la pili. Ta! Kila kivuli kilipofika, hatua zilifika.

"Bati la moto hutanuka," alisema Mwalimu Owiti alipoonyeshwa daftari. "Likipoa linasinyaa, linavutana na misumari, linalia. Mabati ya kwenu yanapoa polepole, yote kwa pamoja. Ya jirani yenu yanapozwa moja moja na kivuli cha jiwe, ndiyo maana mlio unatembea. Lakini hiyo bado ni dhana yetu, Bernadeta. Ili mtu akubali, useme kabla kitatokea nini, halafu kitokee mbele yake yule anayekubishia."

Kisha akamtazama. "Hatua tunaweza kuzipima. Huyo mwenye shati la bluu tutampimaje?"

Bernadeta akainamisha kichwa. Mwalimu akafunga daftari, akamrudishia.

Jumamosi saa nane jua lilikuwa kali, mawe hayakanyagiki. Watu walijaa mbele ya nyumba ya Mama Antoni mpaka njia ikafungika. Mwenyewe alikaa kizingitini, mikono mapajani. Nyuma walisimama vijana watano, mmoja ameshika dumu. Bernadeta alijua kilichomo ndani ya dumu lile, maana harufu ya mafuta ya taa ilimfikia pale alipo.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Mzee Mayala. "Njoo mbele, mjukuu wangu. Usiogope. Sema ulichokiona."

Alimtafuta mama yake, Rose, kwa macho, akamwona ameshika shavu. Angeweza kurudia maneno yale yale, na watu wangemsifu. Angeweza kukaa kimya. Akalitazama lile dumu.

"Sikumwona," alisema. "Sikuona mtu. Nilidanganya."

Kukazuka vurugu. "Amefungwa mdomo!" alipiga kelele mwanamke mmoja. "Amemroga mtoto asiseme! Si mnaona?" Watu wakasogea mbele, na Mama Antoni akakishika kizingiti kwa mikono miwili. Lo! Bernadeta alidhani ukweli ungezima moto, kumbe ulikuwa umeuchochea.

"Subirini!" alipaza sauti. "Nipeni ndoo ya maji! Zile hatua zitakuja sasa hivi, mchana huu, na nitawaambia zitapita wapi!"

"Mpeni maji," alisema Mwalimu Owiti, aliyekuwa amesimama karibu na mwenyekiti. "Akishindwa, kikao si kipo?"

Mzee Mayala alisita, akapangusa jasho, akaitikia kwa kichwa. Bernadeta akapanda juu ya lile jiwe, mahali ambapo mtu anakaribia kuligusa paa, na Winnie akampandishia ndoo na kopo.

"Nikimwaga hapa upande wa jiwe, hatua zitaanzia hapa," alisema kwa sauti kubwa. "Nikisogea, zitanifuata. Nisipomwaga, hazitakuja."

Akamwaga. Maji yalifuka mvuke juu ya bati. Ukapita muda mfupi aliouona kama mwaka mzima. Ta! Watu wakaruka. Akasogea hatua mbili, akamwaga. Ta, ta! Akasubiri bila kumwaga, na paa likanyamaza. Akamwaga tena. Ta!

"Leta hilo kopo," alisema Mzee Mayala. Mzee na umri wake wote, akavua viatu, akapanda jiwe. Yeye alianza kwa kurusha maji mbali, upande wa mlango, akarudi nyuma. Na hatua nazo zikarudi nyuma, moja moja, kumfuata kopo kwa kopo. Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaenea kama cha watu waliotuliwa mzigo.

"Haya, na mbona mabati hayakulia Antoni alipokuwa hai?" aliuliza kijana mwenye dumu, akiwa bado amekunja uso.

Mama Antoni akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza kusema siku hiyo.

"Antoni alipokuwa hai nilikuwa na bati? Nilikuwa na turubai. Mvua ilinikuta matangani, nanyi mkaona aibu, mkachanga, mkanunua mabati haya. Wewe mwenyewe, Malimi, ulipanda juu ukapigilia misumari. Mmesahau?"

Kijana alilitazama paa, akaliweka dumu chini. Wengine walikuwa tayari wanaondoka kwa njia za pembeni, na Mzee Mayala aliwafokea wasiende kabla hawajaomba radhi.

Watu walipopungua, Rose alimshika binti yake mkono akamleta mpaka kizingitini. "Malizana naye mwenyewe," alisema, akarudi nyuma.

"Shikamoo, Bibi. Naomba unisamehe. Nilisema uongo ili wanipishe kwenye foleni."

"Marahaba. Kaa hapa." Mama Antoni alimsogezea nafasi. "Mimi nalala chini ya bati hili, mjukuu wangu. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba ni bati. Halikunisumbua hata kidogo."

"Sasa Bibi, kwa nini hukuwaambia?"

"Kwa sababu ulisema umemwona." Aliutazama mlango wake. "Antoni hakuwa na shati la bluu. Lakini nilijiambia, pengine kuna mtu kamwokoa, kamvisha. Pengine anaona aibu kugonga mlango. Ningesema ni bati tu, ningekuwa nimemkana. Kila jioni nimempakulia mwanangu chakula, nikakiweka mlangoni, na kila asubuhi nimekimwaga. Siku tisa."

Bernadeta alifunika uso kwa viganja, akalia kwa kwikwi. Bibi alimwacha alie, kisha akaitoa mikono ile usoni kwake, taratibu.

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Bati halikusema kwamba Antoni amerudi. Bati lililia tu. Ulioniumiza ni ushahidi wako. Siku nyingine watu wakikuuliza, sema ulichokiona. Kama hukuona, sema hukuona, hata wakucheke, hata wakurudishe mwisho wa foleni. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Haya. Sasa nisaidie kuosha sahani ya Antoni. Leo siiweki mlangoni."