Namba ya Mama Imekwenda Wapi?

Mama mkwe alirudi nyumbani kutoka zahanati saa nane mchana, akakaa bila kusalimu. Alikuwa amesubiri daktari amtazame jicho tangu asubuhi. Namba yake, arobaini na saba, haikuitwa.

"Mashine yako imenikataa," alimwambia mkwe wake. "Sirudi tena."

Mkwe aliumia sana. Programu inayoita wagonjwa aliiandika yeye, na jicho la mama lilizidi kufifia.

Alifungua kompyuta, akaiendesha programu ile, kwa kumbukumbu za foleni ya siku hiyo, ndani ya kitatuzi, yaani programu ya kutafutia makosa. Akaandika amri: onyesha kila namba na inakokwenda. Majibu yakamiminika kwenye kioo. Mumewe akawa anasoma kwa sauti, naye anaandika kwenye daftari. Walihangaika bure.

"Ishirini na... imepita! Rudi nyuma!"

"Nirudi wapi? Imeshafutika!"

Dada wa mume, fundi wa programu za kiwandani, alikuwa jikoni akimenya viazi. Alichungulia, akacheka.

"Wifi, unakinga maji kwa viganja na ndoo ipo?"

"Ndoo gani? Acha utani, wifi."

"Faili. Kiambie kitatuzi kiandike majibu kwenye faili, kisiyamwage kwenye kioo. Ila kiambie kabla hujatoa amri. Maji yakimwagika hayazoleki. Na faili lipe jina jipya, majibu ya jana yasichanganyike na ya leo."

Mkwe akafanya hivyo. Kioo kikabaki kitupu.

"Mbona hakuna kitu?" mume akauliza.

"Yote yako kwenye faili. Tafuteni arobaini na saba."

Mistari ilikuwa elfu sita, lakini kompyuta iliupata mmoja mara moja. Wote wakainama kusoma: namba 47, chumba 0.

"Sifuri?" mkwe akashangaa. "Aa! Daktari alifunga chumba akatoka kidogo. Programu haikumsubiri; ilikosa chumba kilicho wazi, ikaandika sifuri."

"Kumbe niliitwa!" mama akaangua kicheko. "Ila kwenye chumba ambacho hakijajengwa!"

Mkwe alirekebisha programu, namba isubiri mpaka chumba kifunguliwe. Akajaribu tena kwa faili jipya. Sifuri haikuwemo.

Alhamisi mama alikwenda zahanati shingo upande. Aliitwa chumba cha tatu.

"Umewahi," daktari alimwambia. "Ungekaa mwezi mmoja zaidi, jicho hili lingepotea."

Aliporudi nyumbani, alimkumbatia mkwe wake kabla hata ya kuvua viatu.