Pointi Moja ya Ngongoti

Kila siku, kabla kengele ya shule ya msingi haijalia, Chiriku alikuwa amekwisha kupita milango minne ya ukumbi wa michezo wa chuo. Funguo zilining'inia kiunoni kwa mama yake, mtunza ukumbi, ambaye hakuhitaji kupiga hodi popote. Alitembea kwa mlio: chaka, chaka, chaka. Wanachuo waliojificha nyuma ya ukumbi kukwepa vipindi waliusikia mlio huo, na papo hapo wakakumbuka kwamba wanapenda sana masomo.

Mama akisugua sakafu, Chiriku alifuta vioo vya picha zilizotundikwa ukutani. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi, ila picha moja, karibu na mlango wa pili, ilizila dakika zote. Ilikuwa ya msichana mrefu wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo, jezi namba kumi na nne, akiwa hewani. Kichwa kilikaribia wavu, na miguu ilikuwa imeiacha ardhi kana kwamba ardhi haimhusu. Chini mtu alikuwa ameandika neno moja kwa wino: Ngongoti, kama wale wanaocheza ngoma juu ya magongo marefu.

"Mama, hivi huyu alishuka kweli?"

"Alishuka. Na aliposhuka, goti moja lilikwenda upande wake. Haya, futa kioo, usimmalize mtu kwa macho."

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo la utani, la ndege asiyenyamaza, hakulipata kwa bahati mbaya. Alisema tangu anapoamka, na hata usingizini alijibu maswali ambayo hakuna aliyemuuliza.

Mwaka huo kocha mkuu wa timu ya wasichana, aliyeitwa Mzee Filimbi, alitangaza kwamba anaondoka. "Mimi sijachoka," aliwaambia wachezaji. "Magoti yangu ndiyo yaliyoandika barua." Alikuwa amefundisha hapo miaka ishirini na sita, na filimbi yake ilikuwa imemwachia alama kifuani.

Waliotaka kuchukua nafasi yake walibaki wawili. Wa kwanza aliitwa Bwana Tai, kocha wa chuo kingine, mwenye vikombe vinne na tai shingoni hata akiwa uwanjani. Jua liwake, jasho litoke, tai ilibaki imenyooka kama rula. Wa pili alikuwa Ngongoti mwenyewe, yule wa kwenye picha. Tangu goti liharibike alikuwa akifundisha timu za watoto katika mji mwingine.

Mkuu wa chuo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alipanga hivi: kila kocha apewe nusu ya timu kwa wiki moja, kisha Jumamosi wapambane. Baada ya mechi, kamati ingetoa jibu. Hakusema kwamba atakayeshinda ndiye atakayepewa kazi. Lakini chuo kizima kilijua hivyo, kama vile watu wanavyojua mambo ambayo hawajaambiwa.

Ngongoti alipofika, Chiriku alikuwa mlangoni na kitambaa chake. Mwanamke yule aliinamisha kichwa ili apite, kama mtu anayeusalimu ukumbi. Mwilini mwa Chiriku kila kitu kilisimama, ulimi ukiwa wa kwanza.

"Shi..." alisema. Nusu nyingine haikutoka.

"Marahaba," akasema Ngongoti, akaipokea hiyo nusu kana kwamba ni nzima. Akaokota mpira sakafuni kwa mkono mmoja, kama mtu mwingine anavyookota chungwa. Kwenye goti lake la kulia kulikuwa na kovu refu lenye miguumiguu, mfano wa tandu aliyelala. "Wewe ndiye unayefuta vioo hivi?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali.

"Picha yangu inang'aa kuliko za wenzangu. Watanuna."

Siku hiyo Chiriku alifika shuleni bila kusema neno, na mwalimu akamuuliza kama anaumwa jino.

Jioni zote za wiki ile alikaa kwenye ngazi za ukumbi akitazama mazoezi. Bwana Tai aliwapanga wachezaji wake watano bora, nao wakacheza kama mashine ya kushonea: pasi, pasi, kikapu. Ngongoti naye alikuwa na jambo ambalo Chiriku hakuwahi kuliona. Kila mchezaji wa akiba alipewa mtu mmoja wa kumtazama uwanjani. Yule mtu akitoka kupumzika, wa akiba alimnong'oneza alichokiona: unadunda mpira juu mno, unasahau mkono wa kushoto, yule anayekukaba anachoka upande huu. Msichana mmoja mfupi, aliyekalia benchi mwaka mzima hadi wenzake wakamwita Mto, kama ule wa kukalia, sasa alikaa ukingoni kabisa, macho makali kama ya paka dirishani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Timu ya Ngongoti ilivaa fulana za njano, ya Bwana Tai buluu. Chiriku alikaa kwenye meza ya waamuzi, kwani ndiye aliyegeuza vibao vya namba ili watu wote waone pointi. Kando yake alikaa karani wa chuo na daftari la mechi.

Kanuni ilikuwa karani amtazame mwamuzi, aandike, kisha amwambie Chiriku ageuze. Lakini macho ya karani yalikuwa yamestaafu kabla ya mwenyewe, naye aliamini kwamba miwani inamfanya afanane na bundi. Kwa hiyo kwa miaka miwili mambo yalikwenda kinyumenyume: Chiriku alitazama na kugeuza vibao, karani akachungulia vibao na kuandika. Wote wawili waliridhika, na hakuna aliyewauliza.

Zilipobaki dakika mbili, buluu walikuwa na arubaini na saba, njano arubaini na tano. Nahodha wa njano akapokea mpira mbali na kikapu, karibu na ule mstari ambao ukirusha nyuma yake unapata pointi tatu, na ukiukanyaga unapata mbili. Akaruka. Mpira ukapaa, ukumbi ukashika pumzi, wavu ukasema fwaa!

Vidole vya Chiriku havikungoja. Alikuwa amekwisha kugeuza tatu alipomwona mwamuzi akikimbia na mkono juu, na kwenye mkono ule vidole vilikuwa viwili.

Nitarudisha, alijiambia. Nikipata nafasi tu, nitarudisha. Lakini mchezo uliendelea mbio, na mikono yake ikabaki mapajani kama si yake. Dakika zilizobaki hakuna aliyefunga. Filimbi ikalia. Vibao vilisoma: njano arubaini na nane, buluu arubaini na saba.

Kelele zilizofuata zingeweza kung'oa bati. Kipara, mwanafunzi mwenzake aliyegawa maji ya wachezaji, alikuja mezani akicheza kwa mguu mmoja.

"Tumeshinda! Ngongoti wako kapata kazi!"

"Kipara, ile ya mwisho ilikuwa mbili."

Mguu wa Kipara ukashuka. "Nani kaona?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Sijui. Nadhani."

"Basi huyo ni mtu mmoja. Na mtu mmoja akinyamaza, hakuna mtu." Akainama sikioni kwake. "Miaka yote unamfutia kioo, leo umvunje goti la pili? Wewe kila siku unasemasema hovyo, leo neno moja tu likushinde kulimeza?"

Chiriku akameza. Halikushuka.

Ngongoti alikuwa akipita kupeana mikono na kila mtu. Akamshika karani mkono, kisha akafika kwa Chiriku, na mkono wake ukaumeza mkono wa mtoto hadi kwenye kifundo.

"Asante, mwenye vibao. Umefanya kazi nzuri."

Neno hilo, nzuri, lilimwingia Chiriku kama chumvi kwenye kidonda. Angeweza kuvumilia kelele zote za ukumbi, lakini si hilo.

"Si nzuri," akasema.

"Umesemaje?"

"Ile ya mwisho, mguu ulikuwa juu ya mstari. Mwamuzi aliinua viwili. Mimi niligeuza tatu."

Ngongoti akavitazama vibao, kisha akamtazama yeye. Alichutama polepole, mkono juu ya tandu wake, na hata alipochutama macho yao yalikuwa sawasawa. "Kwa nini tatu?"

Chiriku angeweza kusema ni kelele, au ni jasho machoni. "Nilitaka ziwe tatu," akasema.

Uso wa Ngongoti haukukunjamana. Ulitulia tu, kama maji yaliyoachwa ndani ya ndoo. Ukumbi mzima ulikuwa ukilisifu jina lake, naye alikuwa amechutama akimsikiliza mtoto anayempokonya ushindi. Chiriku hakuwahi kumwona mrefu kama wakati ule.

"Twende kwa mkuu wa chuo," akasema mwishowe. "Utasema wewe. Mimi nitasimama nyuma yako. Nikisema mimi, watanisifu, na sifa hiyo si yangu."

Walivuka uwanja. Hatua ishirini na nane, Chiriku alizihesabu, na ya mwisho ilikuwa nzito kuliko zote. Akasema. Mwamuzi akathibitisha: "Kweli, niliinua viwili. Kwenye vibao sikutazama tena." Karani naye akajikuna, akatia mkono mfukoni, akatoa miwani akaivaa. Alifanana na bundi kweli.

"Kosa la mtoto lilipitia mlango wangu," akasema. "Naandika ninachokiona kwenye vibao. Nilipaswa kumtazama mwamuzi."

"Basi ni arubaini na saba kwa arubaini na saba," akasema mkuu wa chuo. "Zichezwe dakika tano za nyongeza."

Njano walikuwa wamekwisha kukumbatiana na kupiga picha. Ngongoti akawaita. "Kunyweni maji. Tumepata dakika tano zaidi za kucheza, na wengine wanazitafuta hawazipati." Kisha akageuka, akamwona Chiriku ananyemelea mlango. "We, mwenye vibao! Unakwenda wapi? Vibao havijigeuzi."

Safari hii karani alimtazama mwamuzi, akaandika, kisha akasema. "Buluu, mbili. Geuza." Chiriku akageuza. "Buluu, mbili. Geuza." Kila kibao kilikuwa kizito kama mlango. Ngongoti alimwingiza Mto, ambaye mechi nzima alikuwa amemtazama namba saba wa buluu. Mto akampokonya mpira mara mbili, kama mtu anayechukua kitu chake alichokiazimisha, na ukumbi ukapiga kelele ya mshangao. Hata hivyo hazikutosha. Buluu hamsini na tano, njano hamsini na moja. Namba hizo za mwisho Chiriku alizigeuza kwa mikono yake mwenyewe.

Kamati iliingia chumbani. Chiriku akakaa kwenye ngazi kando ya mama yake. Funguo zilikuwa kimya.

"Nimemharibia, Mama."

"Kaa utulie. Kamati haijatoka."

Walipotoka, mkuu wa chuo hakuzunguka. "Kocha wetu mkuu mpya," akasema, "ni mchezaji wetu wa zamani, jezi namba kumi na nne."

Minong'ono ikazuka. "Si ameshindwa?" mtu akauliza nyuma.

Mzee Filimbi, aliyekuwa mmoja wa kamati, akainuka, magoti yakalalamika. "Nani aliwaambia tulikuwa tunatafuta mshindi wa leo? Mpira nimeutazama miaka ishirini na sita, unadunda, basi. Leo nimetazama benchi. Bwana Tai ni kocha hodari, na watano wake wanacheza vizuri mno. Lakini kwenye benchi lake wawili walikuwa wakisukana nywele, na mmoja alikuwa akihesabu taa. Kwenye benchi la njano sikuona mgongo ulioegemea. Na zile habari za pointi moja zilipokuja, nikawatazama tena. Hakuna aliyetoa macho kumtafuta wa kumlaumu. Kocha wao hakumtafuta, nao hawakumtafuta. Timu yangu nampa huyo."

Bwana Tai alikwenda kumpa Ngongoti mkono. Kisha, mbele ya mashahidi zaidi ya mia tatu, akalegeza tai.

Chiriku akamgeukia mama yake. "Mama, kwa hiyo hata kama ningenyamaza, angepewa?"

"Angepewa," akasema Mama. "Nawe ungefuta kioo chake kila siku huku unatazama pembeni."

Ngongoti alikuwa amefika nyuma yao. "Sikiliza, mwanangu. Kosa ni kama mpira uliotoka nje. Ukiurudisha upesi, mchezo unaendelea, hata kama utafungwa. Ukiukalia, uwanja mzima unasimama, na wewe wa kwanza. Kusema kweli hakukuahidi ushindi. Kunakuacha ucheze ukiwa na mikono miwili, badala ya mmoja kubaki umeficha kitu mgongoni."

Jumatatu asubuhi Chiriku alikuwa kwenye kioo chake, akikitazama sawasawa. Mlango ukafunguka, kichwa kikainama, kikapita.

"Shikamoo, Kocha," akasema, nzima nzima.

"Marahaba, mwenye vibao."

"Kocha, hapa kwenye picha, ulipokuwa kule juu kabisa, uliona nini?"

Ngongoti akaitazama picha kwa muda mrefu. Akashusha sauti. "Niliona vumbi juu ya taa. Lipo mpaka leo."

Kutoka upande wa pili wa ukumbi funguo zilisikika zikisimama ghafla. Chaka. Kisha zikaanza kwenda, haraka haraka, kutafuta ngazi ya kufikia taa.