Nta ya Moto Kisimani

Sogeeni, wajukuu zangu. Na wewe kiweke chini hicho kikombe. Nataka nisikie kimya.

Bayumi alikuwa fundi wa simu Iskandaria, enzi zile nyaya ziliposhushwa kutoka mapaani zikazikwa ardhini. Kila alipounga waya, aliumiminia nta ya moto kufukuza unyevu. Adhuhuri moja, njaa inamkata, nta iliyobaki akaimwaga kwenye tundu la kisima cha kale. Hakuwaomba ruhusa wenyewe wa chini, majini wakaao ardhini, kama mama yake alivyomfundisha kufanya hata kabla ya kumwaga maji ya moto ya chai.

Akajaribu simu. Waya wa hewani huleta sauti kali; wa ardhini huileta nzito, kama ya mtu aliyejifunika blanketi, maana ardhi hunywa umeme na sauti nyembamba hufia njiani. Hilo alilizoea. Lakini iliyokuja ilikuwa safi, sikioni kabisa, na kisikizio kikanuka ngozi iliyoungua.

"Umemwunguza mwanangu. Wako anaitwa nani?"

Naye, kwa mazoea ya kujibu simu, akajibu: "Wahiba."

Nyumbani, Wahiba wa miaka sita akamkimbilia. "Baba, umechelewa, ful yako, maharage yako, kaila paka!" Sauti yake ilitoka nzito, kama ya waya wa ardhini, kama ya chini ya blanketi.

"Una mafua wewe?" mama yake, Zannuba, akamgusa shingo.

Siku ya tatu midomo ya Wahiba ilicheza mitupu, bila sauti. Zannuba akalaza sikio sakafuni, akaganda. "Baba Wahiba," alinong'ona, "mtoto analia chini ya vigae."

Wakamwita Sitti Galila, mganga wa zari, ngoma ya kupunga majini. "Nyie wanaume na vyuma vyenu!" akafoka, kisha akashusha sauti. "Wenyewe hawa hawataki kuku wa kafara. Wanataka sauti kwa sauti."

Bayumi akarudi kisimani adhuhuri, akashika simu, akataja jina lake na la baba yake na la babu yake, akaendelea kusema huku sauti nyembamba zikimtoka kwanza, akabaki na mvumo tu, na mvumo nao ukazama polepole mpaka kinywa kikawa kinatafuna hewa.

Nyumbani Wahiba akapiga kelele: "Baba!"

Bayumi aliishi bubu miaka ishirini. Alipokufa, Zannuba alirithi nyumba, mpwa wa Bayumi akarithi sufuria ya nta, Wahiba akarithi kisikizio, waya wake umekatwa, hakijaunganishwa popote. Na tangu Wahiba ajifungue, kila adhuhuri kinamwita kwa sauti ya baba yake, safi kama ya waya wa hewani:

"Mwanangu. Wako anaitwa nani?"