Mvutaji wa Kamba ya Kushoto

Ile milango ya chombo cha anga kwenye tamthilia, inayofunguka yenyewe fyuu, haina mashine wala nini. Ni mbao zimepakwa rangi ya fedha, na nyuma yake, kwenye kiza cha mapazia meusi, wamejibanza vijana wawili, kila mtu na kamba yake. Dairekta akisema "Fungua!", wanavuta.

Siku hiyo Kifupi alikuwa peke yake, mwenzake kaenda chooni. Mlango ukafunguka pande zote mbili, laini kama umepakwa mafuta.

"Hapo sasa!" dairekta akashangilia. "Nani kavuta kushoto?"

Kifupi akageuka. Kamba ya kushoto imekaza hewani, mkono hakuna. Pakanuka nywele zilizoungua.

"Bosi," akanong'ona, "huku hakuna mtu."

"Basi huyo huyo hakuna-mtu namwajiri! Anavuta kuwashinda nyie walafi."

Watu wakacheka. Kamba ikashuka taratibu, kama mtu anayeinamisha kichwa kushukuru.

Baada ya chakula ikaja sehemu ya nahodha kukimbia maadui. Nahodha alikuwa dada yake Kifupi, tumbo moja, ndiye aliyemtafutia kazi. Alipopita mlangoni mkono wake mmoja ulikuwa bado nyuma, na dairekta, kwa uroho wa kishindo, akapiga kelele, "Funga!"

Kacha! Mfupa ukachomoza kwenye suti.

"Fungua, mjinga wewe!" Dairekta akaruka kumchomoa. Mlango ukafunguka, ukamsubiri aingize kichwa, ukajifunga. Ukafunguka, ukajifunga, mpaka kilichobaki juu ya mabega hakikuwa tena cha kuvaa kofia.

Watu wakakimbia wakikanyagana, mataa yakapasuka, na Kifupi, aliyeng'ang'ania kamba yake mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye nyuzi, akaiona ile ya kushoto inajizungusha shingoni mwa dada yake, inamkokota sakafuni kwenye damu ya dairekta kuelekea palepale mbao zinapogongana, na dada anakoroma, "Mdogo wangu, usiniache, mwanangu bado mdogo," naye kwa kuchanganyikiwa akabwata, "Bosi wako kafa! Mwache huyo, nakuajiri mimi!"

Kamba ikadondoka.

Jioni, dada kalazwa hospitali lakini mzima, Kifupi akarudi nyumbani. Hakugusa mlango. Ulimfungukia. Ile harufu ikamtangulia kuingia.

Mtoto wa dada yake akaja mbio, akasimama kizingitini, vidole kaviweka kwenye fremu.

"Mjomba, mama yuko wapi?"

Nyuma ya mlango sauti nyororo, yenye adabu zake, ikauliza, "Bosi, nifunge?"

Kifupi akaigeukia sauti. Akatikisa kichwa, akatikisa, akamrukia mtoto.

Huko jikoni mama mzazi wa Kifupi akaangua kicheko.

"Heee! Leo nimekuwa bosi? Funga basi, mwanangu, mbu wanaingia."