Chadia Alivyokandwa kwa Uongo Wake

Watu wa Kasongo, nanyi ndugu zetu wa Kabambare ambao habari za Kasongo huzipata kabla yetu, hii ni yenu. Sikilizeni hata kama itawachoma.

Nyumbani kwa Chadia, muuza vitenge, siku zile zilikuwa tulivu. Alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi, na kila asubuhi alitembea polepole uani, mkanda mpana ukimbana tumbo chini ya kitenge. Watoto walimenya karanga. Mumewe, Kamaldine, alimletea chai kwa mkono wake mwenyewe. Uvimbe ulikuwa unapungua, kama munganga wa hospitali ya huko alivyomwambia.

Lubumbashi alikuwa amekwenda kutolewa mafuta ya tumbo. Kwa pesa yake na kwa hiari yake. Najua baadhi yenu mmeshakunja uso. Ukunjueni. Tumbo si lenu, na kosa la Chadia halikuwa hilo.

Kosa lake ni kwamba aliona haya kusema. Alimwambia mumewe kwamba amefanyiwa operesheni ya tumbo, basi. Kamaldine akadhani mimba imeharibika, akalia. Chadia aliyaona machozi yale, akamwacha adhani hivyo. Uongo wa kunyamaza nao ni uongo.

Habari ikafika Wamaza. Shangazi Hawa wa huko, aliyemlea Kamaldine, akapanda pikipiki akaja na majani yake ya dawa na sufuria kubwa. Nusu ya wanawake wa mtaa wa Chadia amewakanda yeye baada ya kujifungua, na wote wanampenda.

"Pole, mutoto wangu," alisema. "Muke akipoteza mimba, damu inabakia mu tumbo. Inaomba maji ya moto. Vua ile mukanda."

Chadia aliyakumbuka vizuri maneno ya munganga: mkanda usivuliwe ovyo, na kitu cha moto kisiguse tumbo, kwa sababu ngozi itakuwa imekufa ganzi kwa muda. Angeweza kusema. Lakini mwanamke anayeliliwa mimba atakataaje kukandwa? Akajiambia kwamba maji yakizidi moto atapiga kelele. Akavua mkanda, akalala kwenye mkeka.

Shangazi akachovya kitambaa, akakamua, akabandika.

"Inachoma?"

"Hapana, Shangazi."

Mnaijua desturi yetu: anayekandwa halii. "Huyu iko muke wa kweli," Shangazi alimwambia Kamaldine aliyekuwa nje ya mlango, kisha akaongeza kuni. Kadiri Chadia alivyonyamaza ndivyo alivyosifiwa, na kadiri alivyosifiwa ndivyo maji yalivyozidi kuchemka. Wala hakuwa anajikaza. Hakusikia kitu kabisa.

Alipoinuka, tumbo lilikuwa limejaa malengelenge, na mengine yalikuwa yameshapasuka. Aliyagusa kwa kidole, na bado hakusikia kitu. Hapo aliogopa kuliko alivyokiogopa kisu cha munganga.

Shangazi naye aliona, lakini akachovya kitambaa tena. "Ni damu mubaya inatoka," alisema. "Tuongeze kidogo, itaisha."

Chadia akamshika mkono. "Acha, Shangazi. Haikukuwa mimba. Nilienda kutolewa mafuta. Hii ngozi haisikii moto, na miye nilijua."

Kamaldine aliingia ndani. "Sasa nililia juu ya nini?"

"Ulilia juu ya uongo yangu. Nitakuomba musamaha mpaka utachoka. Lakini sasa unipeleke hospitali."

"Utasema nini kule?" Shangazi aliuliza. "Watu watacheka jina yetu. Sema chai ilikumwangikia."

Chadia alikuwa ameshasimama, kitenge begani. "Nitasema vile ilikuwa. Uongo moja imenichoma, sitaki ya pili. Mwenye kucheka acheke. Ngozi iko yangu."

Na akasema, wazi, mbele ya wote waliokuwa wakisubiri zamu. Walicheka, ndiyo. Lakini muuguzi alijua anatibu nini, na kidonda kilioshwa ilivyopasa kabla hakijaoza. Kilichukua muda mrefu kufunga, na alama imebaki. Kamaldine alinuna, akanuna, mwishowe akarudi kuleta chai.

Leo Chadia yuko sokoni na vitenge vyake. Mteja mmoja alimuuliza kwa kejeli lile tumbo lilikwenda wapi. "Ilibakia Lubumbashi," alijibu. "Unataka kuifuata?" Na Shangazi Hawa, kabla hajaigusa sufuria, humwuliza kila mwanamke kama ngozi yake inasikia, na humtaka aseme kweli.

MAFUNZO

Ukidanganya kuhusu ugonjwa, utapewa dawa ya uongo, na mwili wako ndio utakaoinywa. Aliyepasuliwa, kwa sababu yoyote ile, amtii aliyempasua: avae mkanda aliopewa, atembee alivyoambiwa, awaambie wanaomuuguza alichofanyiwa. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nanyi wenye kucheka, chekeni. Lakini jueni kwamba Chadia hakumwogopa Shangazi Hawa wala sufuria yake. Aliwaogopa ninyi. Maji yale mliyachemsha nanyi.