Mahali Ambapo Chakula Hakiishi

Kabla jua halijapanda ukutani, Chiriku alikuwa ameshakoroga rangi. Shule zilikuwa zimefungwa, na baba yake, fundi rangi, alikuwa amepata kazi ya kupaka jengo la ghorofa mbili katika mji ambao hata paka wake hawakuwafahamu. Walikuja watatu: Baba, Chiriku na Mzee Ngazi, fundi mkongwe aliyeishi juu ya ngazi muda mrefu hata watu wakasahau jina lake la kuzaliwa. Chiriku naye jina lake lilitokana na mdomo. Ukimwuliza saa, alikueleza na habari za aliyeitengeneza.

Chai haikuwa tatizo. Kila asubuhi mama mmoja mwenye kibanda nyuma ya jengo alikuja na chupa kubwa ya chai ya maziwa, akawapitia mafundi wote, waashi kwa maseremala. Taabu ilikuwa chakula cha mchana. Mkahawa uliokuwa mbele ya jengo ulikuwa na vitambaa vyeupe mezani, na bei zake zilimfanya fundi ashibe kwa kusoma tu.

"Hapa tunalipia vitambaa," alisema Mzee Ngazi. "Na mimi kitambaa sili."

Baba akamgeukia binti yake. "Chiriku, miguu yako haitulii. Zunguka utafute pa kula. Pawe safi, pawe na bei ya watu kama sisi. Lakini uonje kwanza, mwanangu. Usituletee habari za kusikia."

"Niachie mimi, Baba!"

Akazunguka. Alipita uchochoro wa mafundi viatu, akapita soko la mitumba, akachungulia masufuria ya watu mpaka wengine wakamfukuza. Kwa yule mama wa chai, ambaye mchana alipika na chakula, alifika mara kadhaa, lakini kila mara mchana ulikuwa umeshapinda, na masufuria yalikuwa yameoshwa na kupinduliwa.

"Kimekwisha, mwanangu," mama alimwambia. "Kesho uwahi."

Wateja walikuwa wamempa jina: Mama Kimekwisha. Chiriku akabinua mdomo. Mpishi gani huyu asiyejua kukadiria?

Ndipo alipokiona kibao karibu na stendi ya mabasi, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: KWA SHIBE. CHAKULA HAKIISHI. Chini yake alisimama Bwana Shibe mwenyewe, tumbo likiwa limemtangulia.

"Karibu, binti yangu! Asubuhi kipo, mchana kipo, jioni kipo! Kwangu sufuria haijui kukauka!"

Bei ilikuwa ndogo ajabu. Chiriku akaomba kuonja maharagwe. Mfuniko ulipoinuliwa, harufu ya uchachu ikampitia puani.

"Ndimu hiyo," alisema Bwana Shibe haraka, akaurudisha mfuniko. "Chukua soda baridi kwanza. Wenzako ukiwaleta, na kesho ipo nyingine."

Jua lilikuwa kali na soda ilikuwa tamu. Chiriku akainywa yote, akaondoka.

"Umeonja?" Baba alimwuliza.

"Nimeonja! Maharagwe laini kama siagi!" Neno lilitoka lenyewe, utamu wa soda ukiwa bado mdomoni.

Wakaenda. Baba alichukua wali na mboga za majani. Mzee Ngazi alichukua maharagwe, akaongeza. Chiriku alisema ameshiba.

Usiku ule tumbo la Mzee Ngazi lilichafuka. Alitapika na kuhara mpaka akashindwa kusimama. Asubuhi walimpeleka zahanati, akatundikiwa dripu.

"Ni chakula au kinywaji," nesi aliwaambia. "Chunguzeni alichokula, kabla wengine hawajaugua."

Baba alirudi kazini uso umekunjamana. "Ni ile chai. Jana mimi sikuinywa, yeye alikunywa vikombe viwili. Yule mama hakanyagi hapa tena. Na waashi nitawaambia."

Chiriku alijua. Alijua tangu usiku, lakini ulimi wake, uliozoea kukimbia, ulikuwa umekwama.

Mara mama akatokea na chupa yake. "Hamjambo jamani? Mzee wangu yuko wapi leo?"

"Yuko kwenye dripu," Baba akajibu. "Kwa maziwa yako. Beba chai yako, mama."

"Maziwa yangu? Baba Chiriku, maziwa nimeyachemsha mwenyewe, wanangu wameyanywa, wazima!"

"Beba, nimesema."

Waashi waliokuwa wamenyoosha vikombe wakavirudisha. Mmoja akamwaga chai yake chini. Mama akaanza kukusanya vikombe, kimoja kikamponyoka.

"Baba, si chai!" Chiriku akapaza sauti. "Ni maharagwe ya Shibe. Yalinuka uchachu. Sikuyaonja. Nilikunywa soda yake, nikakudanganya."

Baba alimtazama binti yake, kisha akainama, akaokota kile kikombe, akakifuta kwa shati lake.

"Mama, nimekukosea. Nimehukumu kabla sijauliza."

"Yamekwisha, baba." Mama alivuta pumzi. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto amesoma kibao cha Shibe, akakiamini. Sikia, mwanangu: chakula kisichoisha ni kiporo. Cha jana kinachanganywa na cha leo, cha leo kinangoja cha kesho. Mimi napika cha siku moja. Kikiisha, nashukuru."

Chiriku aliinamisha kichwa. Kumbe lile neno "kimekwisha" alilolidharau ndilo lililokuwa sifa.

Baba alimpa nesi habari, na bwana afya akaenda kukagua masufuria ya Bwana Shibe. Chiriku akapelekwa kando ya kitanda cha mgonjwa, akaeleza yote huku akilia.

"Miaka yote hii ngazi haijaniangusha," Mzee Ngazi alisema kwa sauti dhaifu. "Umeniangusha wewe, kwa sahani!" Akacheka, akashika tumbo. Kisha akawa hana mzaha. "Mjukuu wangu, kabla ya maharagwe, neno lako ndilo lililoingia tumboni mwangu. Nilikula kwa sababu nilikuamini. Ulimi una kazi mbili, kuonja na kusema. Usiuache uanze na ya pili."

Mzee alipopata nafuu, walikwenda wote kwa mama wa chai, mapema, wali ukiwa bado unatoa mvuke. Chiriku alikuwa hajagusa sahani yake, dereva wa lori akasimama barabarani.

"We binti! Chakula cha hapo kizuri?"

Baba akamtazama. Mzee Ngazi akamtazama.

"Sijui bado, mjomba," Chiriku akajibu, akivuta sahani. "Nisubiri kidogo."